Main ilifutwa na mtu ambaye hakuna aliyethubutu kumkatalia

Wakuu, heshima kwenu. Hili sikusimuliwa, nilikuwepo, na wahusika wote ni wazima na bado tunafanya kazi pamoja.

Ofisi yetu iko ghorofani, Ubungo. Tunaandika code watatu: mimi, dada mmoja nitamwita Salma, na Mwalimu.

Mwalimu alifundisha hesabu sekondari kule Moshi mpaka akastaafu, kisha akajifunza code ukubwani. Anamzidi umri hata bosi. Asubuhi ni shikamoo kwanza, laptop baadaye.

Kwa wasioijua Git, programu ya kutunza code ya pamoja: kila mtu anafanyia kazi kwenye branch yake, yaani tawi lake pembeni. Ukimaliza, mwenzako anaikagua. Akiridhika, inaingia main, ile nakala kuu anayoonyeshwa mteja. Asiporidhika, anaikataa na kukueleza sababu.

Sasa nani amkatalie Mwalimu? Kazi yake tulikuwa tunaipitisha kabla hatujaifungua. Makosa tunarekebisha wenyewe, kimyakimya.

Baadaye bosi akaona hata kuomba ruhusa kwa watoto ni kumkosea adabu mzee wa watu. Akatoa kufuli la main, lile linalozuia kazi isiyokaguliwa, ili Mwalimu aingize kazi moja kwa moja. Sote tuliona ni busara.

Salma alikuwa kwenye majaribio. Alitengeneza ukurasa wa kufuatilia makontena kwa ajili ya wakala mmoja wa forodha Kurasini, na wakala alikuwa anakuja kesho yake kuuona. Ukimpendeza, Salma anaajiriwa. Usipompendeza, anarudi kuuza vitambaa dukani kwa baba yake Kinondoni, na baba alishaanza kuuliza lini.

Mchana huo Mwalimu akapush, yaani akatuma kazi yake main, Git ikakataa. Kazi ya Salma ilikuwa imeshaingia main, na nakala ya Mwalimu ilikuwa ya zamani.

Git haijui mkubwa wala mdogo. Ndiyo ilikuwa ya kwanza kumkatalia Mwalimu ofisini.

Akatafuta mtandaoni, akakuta ukiongeza --force, yaani kuilazimisha, inakubali. Akaongeza. Ikakubali.

Kisha akaandika kwenye grupu kwamba main imekaa sawa, kila mtu afute nakala ya kwenye laptop yake avute hiyo mpya. Mimi nilitii hapohapo. Nimelelewa vizuri.

Salma hakuvuta. Aliiangalia main kwanza mtandaoni, ukurasa wake haumo. Akainuka, akaenda mpaka kwenye meza ya Mwalimu, mikono nyuma.

"Mwalimu, samahani sana. Mie sivuti. Force yako imefuta kazi yangu, iliyobaki ni hii ya kwenye laptop yangu."

Bosi akaanza kutafuta chaja ambayo ilikuwa imechomekwa mbele yake. Mimi nilimwogopea Salma kwelikweli.

Mwalimu akavua miwani. "Hii ndo mara ya kwanza naharibu?"

Mimi na bosi tukainamia laptop zetu. Akatuangalia mmoja mmoja.

"Mie nimesahihisha madaftari maisha yangu yote. Sijawahi kumpa mtoto tiki bila kusoma. Nyie mmenipa mimi."

Aliumia, na ilionekana. Kisha akavuta kiti, akamwambia Salma akae hapo airudishe main kutoka kwenye laptop yake, na yeye aangalie inavyofanyika. Ilirudi yote. Mwalimu akamwomba bosi arudishe kufuli, na lianze na yeye.

Wakala alikuja, akaukubali ukurasa. Salma akaajiriwa.

Nilichojifunza: heshima isiyosoma kazi ya mtu ni kumdharau kwa adabu.

Wiki iliyofuata Mwalimu alileta branch mpya, mkaguzi Salma. Nanakili walivyoandikiana, kama yalivyo:

"Shikamoo Mwalimu. Nimeikataa. Tarehe zinasomwa kinyume."

"Marahaba mwanangu. Narekebisha."

Haya, kwenye ofisi zenu mzee akikosea nani anamwambia, na anaanzaje? Tiririkeni.