Kujikomboa na Kutorudi

Mwanangu, ipo Idi moja ya Johannesburg ambayo haijanitoka moyoni, mwaka uliofuata Kombe la Dunia. Nilikuwa nimetolewa Tanga na mama mmoja mwenye saluni mtaa wa Hillbrow. Nauli alilipa yeye, pasi yangu ya kusafiria akaifungia kabatini, nami nikamsukia wateja mpaka siku aliposema deni limekwisha. Nikachukua pasi na begi langu, nikapanga kona ya chumba mtaa wa Malvern, pazia katikati.

Uhuru ule ulikuwa na ukimya, mwanangu. Saluni tulilala chini, lakini tulikuwa wengi, tunacheka, tunagombania sufuria. Malvern hakuna aliyejua hata jina langu. Asubuhi ya Idi nilivaa nguo safi, nikaketi kitandani, sina wa kumpa mkono. Nikaamua nirudi. Yule mama alikwisha kunitumia salamu kwamba nafasi yangu ipo, na pasi atanihifadhia kama zamani. Nikajiambia, zimwi likujualo halikuli likakwisha. Methali nayo, ukiwa mpweke, huigeuza ruhusa.

Njiani, Jules Street, nikapita kumuaga mama mzee wa Kichina, mtu wa Kantoni, aliyekuwa akiniuzia nyuzi na rasta. Akaniuliza naenda wapi, nikamweleza. Akaweka mkasi chini. Kwa Kiingereza chake cha kukatakata akaniambia kwao wana neno, suk-san, yaani kuukomboa mwili. Bibi yake aliuzwa utotoni awe mjakazi katika nyumba ya watu. Akashona miaka mingi mpaka akajinunua. Haukupita muda akarudi jikoni kulekule, akafia humo.

"Hakuna aliyemfungia mlango," akasema. "Aliogopa kula peke yake."

Kisha akanivutia kigoda, akanimiminia chai, akamega mkate wake. Tukala, mimi na yeye, ndiyo ikawa Idi yangu.

Hillbrow sikwenda. Sikudanganyi kwamba upweke uliisha. Nililala nao miezi mingi, eish, mpaka nikazoeana na majirani, mmoja mmoja.

Basi shika haya. Ukijikomboa, usirudi kifungoni kwa sababu tu kule kuna sauti za watu. Na ukimwona mtu ametoka kifungoni, hongera pekee haimtoshi. Mkaribishe chakula, maana mtu ni watu.

Nenda, mwanangu. Mola akupe uhuru, na akupe wa kula naye.