Somo la Mshipa Nililolikataa

Habari za kifo chake nilizipatia Mlowo, dukani, nilikokwenda kununua betri za redio. Mwenye duka alinipa pole, nikamuuliza pole ya nini. "He! Kwani hujaambiwa? Mwalimu wako wa baiolojia hatunaye. Kaangukia shambani, kwenye kahawa." Nilitoka bila betri. Ninyi mnaonisoma hapa mnajua mdomo wangu hauna breki. Leo nakiri kwamba siku moja uliyotakiwa kufunguka, niliufunga.

Mwaka jana mwalimu alirudi kutoka Dar es Salaam akiwa amezibuliwa mshipa wa moyo na kuwekewa kibomba kidogo cha waya kuushikilia wazi. Nilikwenda kumwona nyumbani kwake, jirani na Mbozi Misheni. Pole hakuitaka, akanivuta shambani hadi kwenye mbuni mkongwe alioukata shina ili uchipue upya. Kisiki kilikuwa kimejaa maotea. "Unaona, bwana mdogo? Nimeujeruhi, nao unajiponya. Mshipa nao ndivyo. Ukuta wake una safu ya misuli. Ukiukwaruza, hata kwa kuutibu, damu inamwaga pale protini zinazochochea ukuaji. Seli za misuli zikizipata hizo protini zinajinasua zilipokaa, zinatambaa kuelekea ndani, zinazaliana. Nia yao ni kuponya. Zikizidi, njia inabanwa tena." Nikamuuliza, basi huko ndani nani anayapunguza maotea? Alicheka mpaka kofia ikadondoka. "Kibomba kimepakwa dawa ya kuzizuia, ila siyo kila mara inatosha. Kifua kikibana tena ukipanda kilima, usingoje. Rudi hospitali."

Kisha akaniomba jambo moja tu: niliandike hilo kwenye safu hii, maana watu wakishazibuliwa wanadhani wamemaliza. Nami, kwa kiburi cha kalamu, nikamjibu, "Mwalimu, ukiwaletea hao mambo ya protini watasinzia." Wiki ile niliandika kuhusu foleni ya malori Tunduma, kana kwamba kuna mtu wa Songwe asiyeijua.

Msimu wa kuchuma ulipofika nilimtembelea tena. Tulikuwa tunapanda kutoka bondeni, yeye kabeba debe la kahawa mbivu. Akasimama mara mbili, kiganja kifuani. "Baridi hii ya kwetu," akasema. Nilijua siyo baridi, na nilijua kwa sababu yeye mwenyewe ndiye aliyenifundisha. Nikafungua mdomo. Akanitazama kwa lile jicho la darasani, na mimi mtu mzima mwenye ndevu nikaitikia, "Ndiyo, mwalimu." Ndivyo tulivyolelewa: aliyekufundisha humsahihishi, akikosea unatazama pembeni. Nikampokea debe, nikajiona mwanafunzi mwenye adabu kweli kweli. Adabu gani ile! Tunawaamkia wakubwa wetu shikamoo kumi kwa siku, halafu tunawaacha wapande kilima na maumivu yao kwa sababu kusema ni utovu wa heshima. Najuta, jamani. Nilitakiwa kuliweka debe chini, nimshike mkono, na akifoka afoke.

Nilipokwenda kuhani, mjane wake aliniambia mumewe aliahidi kwenda kliniki kahawa ikishaanikwa. "Wewe angekusikiliza," alisema mama yule, bila kunilaumu, na hilo ndilo lililoniumiza zaidi. Akaniletea bahasha. Ndani yake mlikuwa na makala zangu zote, zimekatwa vizuri kutoka gazetini na kusahihishwa kwa kalamu nyekundu, koma kwa koma. Pembeni mwa ile ya foleni ya malori alikuwa ameandika: "Vizuri. Lakini somo langu liko wapi?"

Somo lako ni hili, mwalimu. Mshipa uliozibuliwa unaweza kujibana tena wakati unajiponya, na kifua kikibana hakingoji kahawa ikauke. Na wewe unayenisoma, ukimwona mkubwa wako kashika kifua, msahihishe. Nimeandika, mwalimu. Nimechelewa, na safari hii makosa yangu hayana wa kuyawekea wino mwekundu.