Sofa Iliyotoka Mlimani

Nitasema wazi: nilimwonea wivu mke wa kaka mkubwa wa mume wangu tangu wiki niliyofika Nairobi, na sijaacha. Kwetu Wajaluo, wake wa ndugu wawili huitana nyieka, kama wake wenza, na sisi tuliitana hivyo tukimaanisha. Yeye alikaa Kawangware, nyumba ya mawe, mfereji hapo hapo ndani ya ploti. Mimi nilikaa Gatwekera, kule Kibera, chumba cha udongo na mabati, maji nikiyapangia foleni na mitungi. Akinitembelea alikuwa anaruka mitaro ameshika gauni kwa vidole viwili, halafu anauliza, "Nyieka, mnalala aje na hii harufu?"

Harufu yenyewe ilikuwa kazi yangu. Nilikaanga mgongo wazi kando ya reli, yaani kichwa na mifupa ya mbuta, yule samaki mkubwa wa ziwani, baada ya viwanda kuchukua nyama. Watu wa Gatwekera walikula, wakalamba vidole. Nyieka hakuwahi kuonja. Alikuwa anakunywa chai yangu huku amejiziba pua na leso, na mimi namwongezea sukari nikitabasamu.

Kitu kilichonifanya nivumilie kilikuwa shamba. Baba mkwe alituachia kipande cha mlima kwenye kisiwa chetu huko ziwani. Na usidanganywe na ziwa. Maji yamekuzunguka pande zote, lakini mvua pale hunyesha kwa kubembelezwa, na udongo ni mwembamba kiasi kwamba ukipiga jembe kwa hasira unagonga mwamba. Nyieka, kwa sababu mume wake ndiye mkubwa, alipewa sehemu ya juu yenye mikwaju na migunga, miti ambayo mama mkwe hakuruhusu mtu aiguse mpaka siku anakufa. Mimi nikapewa chini, patupu. Nilinuna, lakini mtama wangu ulikubali pale. Mpango wangu ulikuwa mmoja tu: nijenge kando ya ule mtama, nihame Gatwekera, nisirudi tena kupanga foleni ya maji.

Miaka hiyo ya tisini mbuta alikuwa na soko, na kile ambacho viwanda havikutaka kilikaushwa kwa moshi kisiwani. Wenye majiko ya moshi walimaliza kuni za ufuoni, kisha wakaanza kupanda mlima. Nilisikia wamefika karibu na kwetu, sikujali sana. Nilijua mama mkwe aliwakatalia watu wakubwa kuliko hao. Nikasahau kwamba mama mkwe alikuwa ameshazikwa.

Nilijua ukweli Jumapili moja, Kawangware. Niliingia kwa nyieka nikakuta sofa. Si ile benchi ya mbao yenye mito, hapana. Sofa kamili, rangi ya damu ya mzee, na vitambaa vyeupe alivyofuma mwenyewe juu ya kila mgongo. Nilikaa nikazama mpaka magoti yakanikaribia kidevu.

"Hii mmeitoa wapi?" nikauliza.

"Mlimani," akasema, akinyoosha kitambaa. "Ile miti ilikuwa inasimama tu, nyieka. Nimewapa watu wa moshi yote."

"Ilikuwa miti ya mama."

"Mama alinipa mimi. Wewe kwako kuna mawe. Uza mawe."

Akacheka, na mimi nikacheka, nikajikaza kisabuni. Ndani roho ilikuwa inaniuma kama kidonda kilichotiwa chumvi. Wala sikuwa nawaza miti. Nilikuwa nawaza kwamba kama ningeolewa na ndugu mkubwa, hiyo sofa ingekuwa Gatwekera, na yeye ndiye angekuja kuzama ndani yake. Sofa kama ile ingepitaje mlangoni kwangu ndilo jambo nililotafakari njia yote ya kurudi.

Mawingu ya mvua ndefu yalipoanza kuonekana nilifunga biashara, nikapanda basi mpaka ziwani na mashua mpaka kisiwani. Nilipotazama mlima sikuutambua. Juu palikuwa visiki na mizizi mitupu, na upepo ulikuwa unapuliza vumbi moja kwa moja ndani ya boma. Nikashika jembe. Nililima shamba langu lote, nikavunja madongoa, udongo ukawa laini kama unga. Ulibaki kupanda.

Sasa, kwetu hupandi tu. Mama mkwe akishaondoka, mke wa mkubwa ndiye anayeanza. Yeye ndiye anatia mbegu ya kwanza katika shamba lake, ndipo wadogo wanafuata. Ukimtangulia umejiletea chira, na chira ni laana, inakula watoto. Nikamtumia nyieka ujumbe na mtu wa basi kwamba niko tayari. Jibu likarudi: ana wageni, watu wa kanisa wanakuja kuiombea nyumba, nimsubiri kidogo.

Wageni wa kuja kukalia sofa, hiyo niliijua.

Nikasubiri. Mvua ya kwanza ilinyesha kidogo, majirani wote wakapanda. Walinipita na vikapu vya mbegu wakinisalimia kwa huruma, na mimi nimekaa mlangoni nimekunja mikono. Shamba langu lilikuwa uchi, limelimwa, halina hata jani la kushika udongo. Mbegu zangu zilikuwa kwenye chungu. Nilikuwa naweza kuzishika, siwezi kuzitupa ardhini.

Kisha ikaja mvua yenyewe, mchana kweupe. Zamani maji ya mlima yalikuwa yanashikwa na ile miti, yakatufikia chini polepole. Siku hiyo hayakushikwa na kitu. Yaliteremka mekundu, na mawe yakibingirika ndani, yakapita shambani mwangu kama watu wanaokwenda sokoni. Nilisimama na jembe, sijui nilitaka kupiga nini. Mvua ilipokatika, nilikuwa natazama mwamba mweupe, na chini kule ziwa limekuwa rangi ya chai ya maziwa. Huo ulikuwa udongo wangu.

Nyieka alifika siku chache baadaye na viatu vya kanisani, mbegu zimefungwa kwenye leso. Alitazama kwake juu: mwamba. Akatazama kwangu. Alizunguka mpaka akapata udongo kidogo uliokwama nyuma ya kisiki, akachimba kwa kidole, akatia mbegu, akafukia. Halafu akanigeukia.

"Haya," akasema. "Sasa unaweza kupanda."

Nilirudi Gatwekera kukaanga mgongo wazi. Kila Krismasi familia hukutana Kawangware, na nyieka hunivuta mkono mbele ya watu. "Keti kwenye sofa, nyieka, jisikie nyumbani." Huwa naketi. Nazama mpaka magoti yananikaribia kidevu, na mkono wangu wenyewe unapapasa kile kitambaa cheupe. Mlima wake uliisha na shamba langu likaisha pamoja nao, lakini sofa ilipatikana moja tu, na ni yake.