Paswadi ya Mama Shiru

Msiandike jina langu, tafadhali. Nina miaka kumi na minane. Nilimaliza kidato cha nne mwaka jana na naishi na mama na mdogo wangu mtaa wa Free Area, hapa Nakuru. Mimi si mtu wa kuongea. Hata kanisani nikipewa tangazo nisome, sauti hupotea. Ndiyo sababu naandika.

Desemba nilipata kazi katika kampuni ya kuuza dawa na chanjo za mifugo. Aliyenitafutia ni Mama Shiru, mtunza stoo, rafiki ya mama. Pale kila kitu hupitia kwenye mtambo mmoja wa kompyuta: stoo, oda, magari, mpaka tawi la Naivasha. Fundi aliyeusimamia ndiye aliyemfungulia kila mfanyakazi akaunti na kuamua nani aruhusiwe kufanya nini. Nilikuwa msaidizi wake. Aliniambia, "Hapa umeshika funguo za nyumba za watu. Usifungue bila mwenyewe."

Januari fujo za baada ya uchaguzi zilipofunga barabara, fundi huyo alienda kwao na hakurudi. Mdosi, mwenye kampuni, akanipa kazi yake. Watu wakaanza kuniita IT kwa mzaha. "IT, mashine yangu imelala, kuja uiamshe."

Siku hizo Mama Shiru alikuwa akiondoka saa sita mchana ili afike nyumbani mapema. Alasiri moja meneja wa mauzo akaja kwangu. Friji ya stoo ilikuwa imekosa stima siku mbili, na chanjo ikipata joto huharibika, kwa hivyo katoni zake zilikuwa zimefungiwa kwenye mtambo zisiuzwe, na ni Mama Shiru peke yake aliyeweza kuziruhusu zitoke. Gari la Gilgil lilikuwa linangoja. Meneja akasema ameongea naye kwa simu na amekubali, nimpe tu njia ya kuingia.

Ilifaa nimpigie Mama Shiru. Sikupiga. Niliona haya kumwonyesha mtu mzima kwamba simwamini. Nikabadilisha paswadi ya Mama Shiru, nikampa meneja. Asubuhi nikamwambia Mama Shiru mtambo ulisumbua, achague paswadi nyingine. Akacheka, akasema ataweka jina la mbuzi wake.

Machi wafugaji walikuja ofisini. Ndama wao waliochanjwa walikuwa wamekufa hata hivyo, kwa ugonjwa uleule waliochanjiwa. Mdosi akafungua rekodi mbele yetu sote, na kwenye nafasi ya aliyeruhusu palikuwa na jina la Mama Shiru. "Kompyuta haina sababu ya kumsingizia mtu," alisema. Miaka kumi na minne ya kazi, na akatolewa siku hiyohiyo. Meneja alikuwa anatazama viatu vyake. Baadaye akaniambia polepole kwamba nikinyamaza tutakuwa sawa, maana aliyebadilisha paswadi ni mimi.

Jumapili Mama Shiru alikuja kwetu. Nilidhani amejua, amekuja kunigombeza. Akakaa, akashika kikombe bila kunywa.

"Msichana wangu, siku zile kichwa changu hakikuwa sawa. Pengine nilibonyeza nikiwaza watoto. Wewe unaijua hiyo mashine. Niangalilie kama ni mimi."

Nikasema nitaangalia. Mama akamwongezea chai.

Nimeangalia. Saa tisa na dakika kumi nilibadilisha paswadi yake, jina langu liko pale. Dakika nne baadaye chanjo ikaruhusiwa kupitia kompyuta ya meneja. Mama Shiru alikuwa ameshaenda nyumbani kitambo. Ukurasa huo ni mimi peke yangu ninayeweza kuufungua, na mtambo huufuta wenyewe baada ya siku tisini. Zimebaki sita. Nimeuchapa, nimeuficha ndani ya daftari langu la Kemia.

Kibanda cha mama cha nguo kilichomwa Januari. Sisi watatu tunakula kwa kazi hii. Nikiupeleka kwa mdosi nitafukuzwa, na sijui kama atanipeleka polisi. Nisipoupeleka, mama wa watu atazeeka akiamini aliua ndama wa wenzake.

Jana alinipigia simu, akauliza kwa upole kama nimepata nafasi ya kuangalia. Nikamwambia mtambo unasumbua.

Ni uongo uleule, kwa mtu yuleyule. Nyinyi mliowahi kuwa waoga kama mimi, nisaidieni. Hiyo karatasi nianze nayo kwa mdosi, au kwanza niende nikamtazame Mama Shiru usoni?