Povu Lililogoma Kushuka Kiooni

Mtaani kwetu Nyakabanda walisema povu likiganda kiooni linakula uchafu, na kadiri linavyokaa ndivyo linavyoshiba. Niliamini kabisa, mimi mwenye cheti cha kemia cha shule ya jioni!

Basi siku ambayo bosi wangu, Mama Eujeni mtengeneza sabuni, alikwenda kuomba hoteli moja ianze kununua kwake, nilichanganya kwa siri uji wa muhogo ndani ya sabuni ya maji. Mbele ya meneja nikapaka dirisha kubwa la nje. Povu likang'ang'ania kama ndama kwenye chuchu.

"Tazameni," nikasema kiprofesa, "linakula!"

Tukangoja. Nikalimwagia maji ndoo moja, ya pili, ya tano. Dirisha likabaki na ukungu mwingi kuliko milima yote ya Rwanda. Meneja akamrudishia Mama Eujeni dumu lake, kwaheri.

Mama akapitisha kidole kiooni, akakinusa.

"Petero weye, hii iko uji! Uji unashika maji ndani ya povu, ndiyo maana halishuki. Lakini hauoshi kitu. Uchafu uko palepale, umeubandika gundi."