Rangi za Ndege ya Kaka Marwa

Kila nikipita kwenye gereji pale Mugumu na kukutana na harufu ya thina ya kuzimulia rangi, husimama. Wengine hunusa gari linalopakwa rangi. Mimi humwona kaka yangu Marwa ameketi juu ya ndoo iliyopinduliwa, uani kwetu Morotonga, amejifunika shuka mabegani na jua linawaka.

Marwa ndiye aliyekuwa mkubwa wetu. Alikwenda Kerende kufanya kazi kwenye karasha, kusaga mawe ya dhahabu, na vumbi la yale mawe likamkaa kifuani. Alirudi amekonda, anakohoa mpaka anashika ukuta. Jembe lilimshinda, ng'ombe hakuweza kuwafuata. Akarudia kitu alichokipenda tangu shule: kuchonga ndege. Ile ya mwisho ilikuwa ndege ya vita ya zamani, aliyoiona kwenye ukurasa wa gazeti kuukuu. Aliichonga kwa mlingoti mkavu wa mkonge, kila futi ya ndege yenyewe akiifanya nusu inchi, na bawa moja lilipozidi lenzake kidogo tu, alilipiga msasa siku nzima huku akinung'unika kama mzee.

Rangi ilikuwa kazi yetu wawili. Tulikuwa na mabaki ya makopo: kijani cha milango, nyekundu ya mabati, buluu, njano, nyeusi.

"Kijani hiki kinawaka mno," alisema. "Adui ataiona ndege yetu akiwa bado Musoma."

Akanionyesha kuongeza tone la nyekundu, na kijani kikapoa, kikawa kama majani ya kiangazi. Kahawia tuliipata kwa nyekundu, nyeusi na njano kidogo. Kila mchanganyiko tuliupaka kwenye kibao na kuuanika, maana rangi mbichi hudanganya. Zote zilikauka zikiwa nzito.

"Inataka nyeupe, Bhoke. Ndege ndogo ukiipaka rangi ileile ya ndege kubwa, inakuwa nyeusi. Lazima uipaushe, ionekane kama iko mbali angani."

Nyeupe hatukuwa nayo. Na kabla hatujaipata, mama alimkuta Marwa ameinamia kopo la thina, anakohoa, kitambaa cha mdomoni kina damu. Aliimwaga thina yote kwenye majivu.

"Unataka nikuzike kwa sababu ya mdoli?"

Ndege ikakaa dirishani bila rangi.

Baadaye mama alimpeleka hospitali. Walirudi jioni. Asubuhi yake mama alikwenda dukani, akarudi na kopo la rangi nyeupe na chupa ya thina, akaviweka miguuni pa Marwa.

"Haya, paka ndege yako," alisema, akaingia jikoni haraka.

Nilirukaruka. Kaka amepona! Mama asingemruhusu vinginevyo. Marwa alilitazama lile kopo kwa muda mrefu, halafu akatazama mlango wa jikoni.

"Asante, mama," alisema taratibu. Kisha akanigeukia. "Lete kijiti tukoroge."

Nilimshikia ndege kwa waya. Alipaka tumbo buluu iliyofifia, akapaka mabaka ya kijani na kahawia mgongoni na kwenye bawa la kushoto. La kulia hakulifikia. Asubuhi moja hakuamka.

Baada ya mazishi nilifungua makopo. Mchanganyiko wake ulikuwa umeganda. Nilichanganya upya, kibao kikajaa mabaka, hakuna hata moja lililofanana na lake. Mama akanishika mkono, akachukua brashi.

"Iache hivyo, mwanangu."

Nilikuwa mtu mzima nilipomuuliza mama daktari alisema nini siku ile.

"Alisema hawana la kufanya."

"Ulimwambia Marwa?"

"Ningemwambia kwa mdomo gani?" alijibu. "Nilimnunulia rangi tu. Akajua."

Uani asubuhi ile, mimi peke yangu ndiye niliyekuwa nafurahi.