Moto Uliokuwa Chini ya Kwemazi

Nilikuwa bado mtoto mdogo nilipojua kwamba mchana nao unatisha. Watoto wa kwingine waliogopa giza. Sisi wa kijiji chetu, kati ya Mombo na Kerenge, tuliogopa jua la utosi, kwa sababu ndio wakati ambao mwenyewe wa Kwemazi alipanda juu kuota jua.

Kwemazi kilikuwa kinamasi kikubwa nyuma ya nyumba zetu, kimejaa mafunjo marefu kuliko mtu mzima. Maji ya milima ya Usambara yalishuka yakapotelea humo, kisha upande wa pili yakatokea kwenye chemchemi ndogo, safi na ya baridi, iliyonywesha kijiji kizima. Na mwenyewe wa mahali hapo, tuliambiwa, alikuwa joka.

Aliyetufundisha adabu zake ni Bibi, mama yake mama. Usichote maji kwa sufuria lenye masizi. Usipige mluzi karibu na mafunjo. Usikate hata unyasi mmoja jua likiwa utosini. Bibi alikuwa Mzigua wa Handeni, na huko alikozaliwa walifukua mchanga wa mto mkavu, wakangoja maji yajikusanye kata kwa kata. Labda ndiyo maana, alipoolewa huku Korogwe akakuta maji yanatoka yenyewe, hakuweza kuamini kwamba hayana mwenyewe.

Mimi na dada yangu Mwanaidi tuliamini kila neno. Njia ya chemchemi tuliipita tumeshikana mikono, midomo imefungwa. Mafunjo yalisuguana hata pasipo upepo. Kitu kikidumbukia majini, chubwi, tulisimama kama waliopigwa msumari. Leo najua walikuwa vyura na kambare tu. Mwili wangu, hata hivyo, haujakubali hadi leo.

Baba hakuogopa. Babu yake aliletwa kutoka kusini kukata mkonge, na mambo ya mizimu ya huku aliyaona ni ya wenyeji. Mwaka mmoja mahindi yaliungua kwa jua shambani, ndipo yeye na wanaume wenzake wakaamua kuchimba mtaro, maji ya Kwemazi yaondoke, walime ule udongo mweusi. Jioni hiyo Bibi alifika nyumbani akasimama mlangoni.

"Shikamoo mama. Karibu ukae," Baba alisema.

"Marahaba, mkwe wangu. Sikuja kukaa. Ni kweli mnamtoa mwenyewe?"

"Tunatoa maji, mama. Watoto wanataka kula. Huyo nyoka hatujamwona."

"Mkimfukuza ataondoka na baridi yake," Bibi alisema, "atawaachia moto. Na siku akirudi, hatapita njia aliyotokea."

Baba alicheka kwa adabu, jinsi mtu anavyomchekea mkwe. Mama aliinama akachochea kuni ambazo zilikuwa zinawaka vizuri tu.

Mtaro ulichimbwa. Tulitazama maji yakituacha, kambare wakigaragara kwenye tope na watu wakiwaokota kwa ndoo. Tulikula samaki mpaka tukawakinai. Ndege wakubwa weupe walishuka kwa makundi, wakashiba, wakaruka kuelekea bondeni, na hatukuwaona tena. Mavuno ya kwanza yalikuwa ya ajabu. Hata wenye haya walimtania Bibi njiani: "Bibi, yule wako amehamia wapi, Lushoto?" Bibi aliitikia salamu, akapita.

Kiangazi kilichofuata, chemchemi ilipungua. Ukitia kata, nusu inakuja tope. Kisha jirani mmoja akachoma mabua shambani kwake, kama tulivyofanya sote kila mwaka. Moto ukawaka, ukazimika. Juu ulizimika.

Siku chache baadaye tuliona moshi ukitoka ardhini, mahali pasipo na kitu cha kuungua. Ulikuwa mwembamba, unapenya kwenye nyufa, leo hapa, kesho pale, na harufu yake ilikuwa kama ya nywele zilizoungua. Wanaume walimwaga maji juu yake. Ardhi ikatema mvuke, kisha moshi ukaibuka pembeni, kana kwamba ulijua wanapotaka kuupiga. Shehe alisoma dua. Mchungaji akaja na watu wake wakaomba. Wote walisimama mbali. "Anapumua," watu walinong'ona, na hapakuwa na aliyetania tena. Mimi nilikuwa nalala nimeshika nguo ya Mwanaidi.

Siku ile Mama alitutuma maji. Chemchemi ilikuwa inatoa kidogo mno, tukangoja sana ndoo zijae, na tulipoanza kurudi jua lilikuwa limetufika utosini. Mwanaidi alitangulia. Njia ilikuwa ile ile ya siku zote, ila palikuwa na vumbi jeupe kidogo. Alikanyaga, ardhi ikafunguka bila kishindo, kama mtu aliyekanyaga unga. Miguu yote miwili ilizama hadi magotini.

Mpaka leo siwezi kuusimulia ukelele wake. Ndoo ilimwanguka, maji yakaingia shimoni, na kutoka chini ikaja sauti ya kuzomea, ndefu, yenye hasira, na mvuke ukamfunika dada yangu nisimwone. Niliijua sauti ile ni ya nani. Nilijua kwamba amemshika. Nilitaka kukimbia, miguu ikakataa. Nilitaka kumfuata, ikakataa vilevile. Nikaita kwa nguvu zangu zote, na sikumwita Mama. Nilimwita Bibi.

Bibi alikuwa shambani kwake, ukingoni. Alikuja mbio na jembe mkononi, yeye ambaye siku zote alitembea akijishika kiuno.

"Usisogee! Lala chini!" alinipigia kelele. Naye akalala kifudifudi, akasukuma mpini wa jembe ndani ya mvuke. "Mwanaidi! Shika mti! Usilie kwanza, shika!"

Nilimshika Bibi miguu, yeye akavuta. Nilihisi ardhi ina joto chini ya tumbo langu, kama mgongo wa mnyama. Alipotoka Mwanaidi, miguu yake sikuitazama. Baba alifika akihema, akambeba hadi barabarani, wakampakia kwenye bodaboda kwenda hospitali Korogwe. Mwanaidi hakurudi nyumbani hadi vuli ilipoanza.

Baba aliporudi kutoka hospitali, alikaa chini mbele ya Bibi.

"Mama, ulijua?"

"Nilijua panaogopwa," Bibi alisema. "Kwa nini panaogopwa, walionilea hawakuniambia."

Mvua iliuzima moto. Lakini ilipokuja masika, maji ya mlimani hayakukuta pa kupumzikia. Yalifuata mtaro, yakaufurika, yakapita katikati ya kijiji. Yalichukua jiko letu, mbuzi wa Bibi, na kuta za majirani. Hakufa mtu, Mungu ashukuriwe. Maji yalipotulia, Baba alichukua jembe akaenda kuuziba mtaro. Hakumwita mtu. Kufikia mchana walikuwa wengi.

Mafunjo yalirudi polepole, chemchemi pia, ingawa haijawahi kuwa kama zamani. Bibi amekwishatangulia mbele ya haki. Mwanaidi anauza chakula Mombo kwa abiria wa mabasi, anachechemea, na hapendi kuulizwa. Mimi nimekuja kuelewa kwamba udongo ule ulikuwa mizizi iliyooza majini kwa vizazi na vizazi, na kwamba ukikauka huwaka kama mkaa. Kinamasi kilishika mvua isituumize, kikatupa kidogo kidogo wakati wa ukame. Joka siliamini tena.

Sasa vijana wa kijiji, wenye pampu na haraka, wanazungumzia kuufungua upya mtaro. Hawaogopi, nami siwezi kuwalaumu. Ni sisi tuliowacheka wazee waliotuogopesha. Tuliuondoa woga wao, na mahali pake hatukuweka kitu. Nikiwasikia wakipanga, nashindwa kujua niwaambie nini ambacho watakiogopa vya kutosha.